Cherehani Haitalala Kwangu

Kawira, mama yangu,

Usishtuke kuona mwandiko huu. Hakuna aliyekufa. Ng'ombe wote ni wazima, hata yule mweupe aliyekuwa akichechemea amepona, na mimi niko sawa isipokuwa mgongo, na mgongo wangu si habari tena. Dereva wa gari la maziwa ameniahidi kwamba atakufikishia karatasi hizi Majengo leo jioni, kwa hiyo utazisoma kabla ya safari yako ya kesho. Nimemwambia asikupe mbele ya watu.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kichuka sikukufundisha, na Kikuyu changu wewe na marehemu mama yako mlikuwa mnakicheka mpaka machozi yanawatoka. Shule nilikomea darasa la sita. Mahali utakapoona nimeandika vibaya, soma tu kama vile ungenisikia nikisema.

Jumapili ulikuja hapa Mweiga na lile swali. Ulikuwa umekaa juu ya mtungi wa maziwa pale mlangoni pa zizi, umejifunika shuka yangu.

"Baba, niko na swali," ulisema. "Wewe ulihama kwenu. Sasa niambie. Niende Voi ama nikae?"

Nikakuambia ngoja kwanza nikamue.

Ukacheka, lakini si kicheko cha kufurahi. "Kila swali gumu wewe unakumbuka ng'ombe. Hata nikiwa mdogo nikikuuliza mambo ya Mama, ulikuwa unachukua ndoo unaenda."

Nilikamua wote, pamoja na mmoja ambaye hakuwa na maziwa ya maana, na nilipomaliza ulikuwa umeshaondoka. Ulikuwa umeniachia cherehani ndani ya nyumba, pale kati ya kitanda na ukuta, bado imefungwa kwa kamba jinsi yule kijana wa bodaboda alivyoileta. Kimani, mwenzangu wa zizini, alipoiona ikishushwa asubuhi alisema hajawahi kuona mbuzi wa chuma. Na kabla sijaingia zizini ulikuwa umeniambia, "Nitaichukua nikishazoea huko."

Maneno hayo mawili, nikishazoea huko, nimekaa nayo tangu Jumapili. Ndiyo maana leo nimechukua kalamu baada ya kukamua asubuhi, nimekaa nje ya nyumba kwenye jua, na Kimani akipita na toroli la majani ananiuliza, "Baba Kawira, ni wosia huo? Niandikie mimi yule ng'ombe mweupe." Nimemwambia aende zake.

Nataka kukujibu kwa kukueleza nilivyohama mimi. Unajua nilitoka Chuka. Hujui nilitokaje, kwa sababu sikupenda kulisema.

Baba yangu alipoona sisi wavulana wake tumekuwa watu wazima, alituita siku moja asubuhi, mimi na kaka yangu Micheni, akatutembeza shambani kutuonyesha kila mmoja atajenga wapi. Kwetu hilo si jambo dogo. Mzazi anatembea mbele na panga, anakata tawi hapa na pale, na palipokatwa ndipo mpaka. Wazee wawili wanafuata nyuma ili kesho mtu asije akakana. Micheni akaonyeshwa kule chini karibu na mto, kwenye migomba na viazi vikuu. Mimi nikaonyeshwa juu kwenye kilima, penye mawe. Baba alisema, "Wewe una nguvu kumshinda kaka yako. Mawe yanataka mtu mwenye nguvu."

Mimi nilisikia kwamba ananitupa. Sikungoja tawi la mwisho likatwe. Niligeuka mbele ya wale wazee, nikaingia nyumbani, nikajaza begi. Mama yangu, huyo ambaye una jina lake, alinifuata mpaka kwenye njia. Aliniuliza, "Unaenda wapi?" Nikamwambia naenda kuanza upya mahali ambapo hakuna anayenijua. Akaniuliza utakula nini huko. Nikarudi nyuma kwa hasira, nikaenda shambani, nikang'oa machipukizi matatu ya mgomba, ya Micheni wala si yangu, nikayatia kwenye gunia. Hivyo ndivyo nilivyozunguka mlima. Begi mkono mmoja, gunia la migomba mkono mwingine.

Nilishukia Endarasha kwa sababu nilisikia kuna kazi ya kuchimba viazi. Mwaka wa kwanza nilikuwa kama mtu aliyevaa shati kinyume. Kwetu jua linazama nyuma ya mlima. Huku linachomoza nyuma ya mlima. Asubuhi nilikuwa nikitoka nje na mwili wangu unaniambia ni jioni. Nilikodi chumba na kipande cha ardhi nyuma yake, kama ukubwa wa zizi hili, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kupanda migomba yangu.

Wewe umekulia huku, kwa hiyo najua umeshaanza kucheka. Lakini mimi sikujua sakitu. Kwetu hakuna. Niliamka asubuhi moja nyasi zote ni nyeupe kama zimemwagiwa unga, na migomba yangu majani yote yamekuwa meusi, yamelegea kama yamechemshwa. Mtu mwenye akili angeuliza majirani. Mimi niliagiza tena Chuka kwa mtu anisaidie machipukizi mengine. Nikapanda. Na nilipoona baridi inakuja, nikachukua magunia nikauvisha kila mmoja, nikafunga kamba shingoni.

Watu wa Endarasha walikuja kutazama. Kweli kabisa, walikuwa wakipita njia ya nyuma makusudi. Mmoja wao alikuwa msichana aliyekuwa dada wa Wachira, yule mwenye shamba nililokuwa nikichimba viazi. Alisimama kwenye ua akaniuliza, "Ati umeishonea migomba makoti? Na kofia je?"

Nikamwambia ashike njia yake.

"Wewe mtu wa Chuka," akasema, "huku panda viazi."

"Viazi ni chakula cha wagonjwa."

"Basi ngoja tu. Ukiendelea hivi utaugua, halafu uvile."

Huyo alikuwa Nyambura, mama yako. Migomba ilikufa hata na makoti yake. Mwaka uliofuata nilipanda viazi, na yeye ndiye aliyenionyesha umbali wa kuacha kati ya shimo na shimo, akiwa bado anacheka.

Sikuelezi haya ili ucheke tu, ingawa ukicheka nitafurahi. Nakueleza kwa sababu wewe ni fundi wa makoti. Unashona makoti yenye bitana nene na sare za shule, na hapa Nyeri hakuna anayekushinda. Ulinieleza habari za duka la rafiki yako Mwende kule Voi, na joto lake, na jinsi wanawake wa huko wanavyovaa madera mepesi. Nikafikiri, huyu anaweza kufika huko na begi lililojaa bitana. Si vibaya. Lakini kama utaenda, siku za kwanza usishone. Kaa pale dukani kwa Mwende utazame watu wanavaa nini, wanauliza nini, wanarudisha nini. Na wakicheka Kiswahili chetu cha mlimani, wacha wacheke. Mimi nilichekwa nikapata mke.

Sasa nifike kwenye lile ambalo nilikuwa nikilikimbilia zizini.

Unakumbuka lile begi? Lilikuwa la kahawia, limening'inia msumarini nyuma ya mlango kule Endarasha. Ni lile lile nililotoka nalo kwetu. Sikuwahi kulitoa vitu vyote. Lilikuwa na shati moja zuri, blanketi jembamba na viatu. Mtu akiniuliza nilikuwa namwambia kwamba nyumba haina kabati. Ukweli ni kwamba kichwani mwangu nilikuwa ninapita tu. Nilikaa Endarasha miaka na miaka kama mtu anayengoja mvua ipungue chini ya paa la watu. Paa likivuja, nasema ya nini kulitengeneza, nitarudi kwetu. Majirani wakiunda kikundi cha kusaidiana kwenye matanga na harusi, nasema mimi si wa hapa. Kanisani nilikaa benchi la mwisho karibu na mlango.

Na wakati huo huo kwetu nilikuwa nimeapa sirudi. Kwa hiyo hebu nitazame vizuri, mama. Nilikuwa nimekataa pale nilipo, na nilikuwa nimekataa nilipotoka. Sikuwa nimehama. Nilikuwa nimeondoka tu.

Mama yako hakuwa hivyo. Siku aliyokuja kwangu, alikuja na hii cherehani siku hiyo hiyo. Kaka yake Wachira aliibeba begani. Nyambura hakukaa hata kunywa chai. Aliuliza, "Dirisha ni lipi linapata mwanga?" Nikamwonyesha. Akasogeza kitanda changu kwa mguu, akaiweka cherehani pale dirishani, akakaa, akapima kama inatikisika. Chumba kilikuwa changu, nimekikodi mimi, lakini tangu saa ile kilikuwa chake kuliko changu. Kabla ya jua kuzama jirani mmoja alikuwa ameshaleta suruali ya kuwekwa kiraka.

Alipokuwa na mimba yako alisikia kwamba kuna mzee anakata shamba lake vipande vidogo anauza, hapo hapo Endarasha, karibu na kwao. Tungeweza kukipata kimoja. Aliniambia mara ya kwanza taratibu, nikamwambia kwetu ni Chuka. Akaniambia mara ya pili. Mara ya tatu, wewe ukiwa umeshazaliwa, hakusema habari ya shamba. Alisimama akanyoosha kidole nyuma ya mlango akaniuliza, "Baba Kawira, hilo begi linaenda lini?"

Nikatoka nikaenda kupasua kuni.

Na wewe mwenyewe, ulipoanza kusema maneno yanayoeleweka, kulikuwa na swali lako moja la kila jioni. Ulikuwa ukishika suruali yangu unauliza, "Baba, kesho utakuwa?" Nilidhani ni maneno ya mtoto tu. Mama yako ndiye aliyenielewesha. Alisema, "Anaona begi kila siku. Anadhani unaondoka." Hata hapo sikuliteremsha. Nilikuambia nitakuwa, nikaona nimemaliza.

Unajua yaliyofuata. Mama yako aliugua, na hakuugua siku nyingi. Tulipompoteza, watu walikaa pale chumbani, na nilijua wanangoja nini. Wanangoja mwenye mke aseme atazikwa wapi. Kwetu Chuka nilikuwa sijakanyaga. Endarasha sikuwa na hata pa kuchimba shimo la mgomba. Ni Wachira aliyesema. Alisema, "Dada yangu atarudi nyumbani," na akaenda kuonyesha vijana mahali.

Kwa hiyo unapokwenda kumtembelea pale pembeni mwa viazi vya mjomba wako, ujue kwa nini yuko pale. Hakuna aliyenifukuza popote wala aliyeninyima. Wachira hajawahi kunitupia neno. Anapolima anazunguka kaburi kwa jembe polepole, anapalilia maua, ananiambia, "Shemeji, usiwe na wasiwasi, huyu yuko kwao." Na ni kweli. Lakini mimi nilikuwa mume wake, na alilala kama mgeni wa kaka yake kwa sababu niliacha begi msumarini.

Hili si jambo la kunililia. Nimeshalililia mwenyewe zamani. Nakuandikia kwa sababu ya cherehani.

Ngoja nimalizie habari ya kwetu kwanza. Baada ya mama yako, baba yangu naye alifariki, na safari hiyo nilikwenda. Wewe nilikuacha kwa Wachira. Unajua nilibeba nini? Gunia la mbegu za viazi. Niliona kwamba nitarudi mbele ya Micheni nikiwa mtu aliyejifunza kitu. Baada ya mazishi nilipanda kule kwenye kilima changu cha mawe. Viliota majani mazuri sana, Micheni aliniambia baadaye kwa simu, majani ya kupendeza, na chini hakuna kitu, vidogo kama mbaazi. Joto. Alicheka mpaka simu ikakatika. Akapiga tena ili aendelee kucheka. Alisema, "Ulitoka hapa na migomba ukawapelekea watu wa baridi. Umerudi na viazi ukatuletea watu wa joto. Mwakani utaleta samaki uwapande kwenye mti."

Lakini kuna kitu nilikiona siku ya mazishi ambacho sikumweleza mtu. Nilipopanda kilimani nilitarajia kukuta pori, au kukuta Micheni amepalima pote. Nilikuta pamefyekwa pembeni. Mstari wa mpaka ulikuwa safi, matawi yamekatwa mwaka ule, na chini yake unaona makovu ya kukatwa mwaka uliotangulia, na uliotangulia. Ndani ya mpaka hakukuwa kumeguswa. Nikamuuliza. Akasema, "Baba alisema ni pako. Wewe ndiye hukungoja tawi la mwisho. Nililikata mimi."

Miaka yote hiyo, Kawira, nilikuwa nikichimba viazi vya watu huku nagombana na Micheni kichwani. Nilimjibu maneno ambayo hakuwahi kuyasema. Nilimshinda kwenye mabishano elfu, na yeye yuko huko anafyeka mpaka wangu. Nilihama mlima mzima kumkimbia, na nililala naye kila usiku.

Ndiyo maana nakuuliza na wewe unijibu moyoni tu, usinijibu mimi. Unamhama Kariuki, au unahama Majengo? Najua si rahisi. Mtu alikuwa mume wako, sasa anapita na mwanamke mwingine mbele ya kibanda chako, na njia ni ile moja. Najua siku hizi unafungua kibanda wakishapita na unafunga kabla hawajarudi, kwa sababu nilikuja siku moja mapema nikakuta pamefungwa na wateja wawili wanangoja na nguo mikononi. Sikukuambia kwamba nilikuja. Niliona, nikarudi Mweiga, nikakamua.

Ukienda Voi kwa sababu kuna kazi, na Mwende anakupenda, na unataka kuona mahali pengine ungali na nguvu, hiyo ni sababu nzuri na sina neno. Ukienda kwa sababu ya Kariuki, naye atapanda gari. Utakuwa unashona dera huku unamjibu. Mimi siwezi kukuambia jinsi ya kumwacha mtu nyuma, kwa sababu sikujua. Kwangu ilibidi nioneshwe makovu kwenye mti. Labda wewe utakuwa na akili zaidi. Mama yako angekuambia la kufanya kwa neno moja, na lingekuwa la kuchekesha.

Na usifikiri nakuzuia. Wapo wanaosema hapa Mweiga kwamba msichana aliyeachika akienda mbali basi amepotea. Wanasema mbele yangu kabisa, wakati wa chai. Nimewaambia mimi nilikuja hapa kutoka mbali na wao wanakunywa maziwa ninayokamua. Kuhama si kosa. Mimi sijuti kuzunguka mlima. Nisingezunguka nisingekupata wewe, na nisingecheka jinsi nilivyocheka miaka ile. Na kukaa pia si uoga. Mama yako hakuwahi kutoka Endarasha na sijaona mtu asiye mwoga kama yeye.

Ninachojuta ni begi.

Sasa nimefika mwisho wa karatasi niliyopewa, ila Kimani amenipa nyingine aliyoibandua kwenye mfuko wa chakula cha ng'ombe, kwa hiyo usishangae ukubwa wake.

Uliniambia utaenda na nguo tu, uone mambo yalivyo. Kibanda cha Majengo utakiacha kimefungwa, kodi itaendelea kulipwa kwa sasa. Cherehani itakaa kwangu mpaka uzoee. Ulipanga vizuri, kama mtu mwenye busara. Na mimi nilipokuwa nikikusikiliza nilimwona mtu aliyesimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mwingine nje, na nilimjua mtu huyo vizuri kwa sababu nilimnyoa ndevu miaka mingi. Kule Voi utasema kwangu ni Nyeri. Nyeri watasema yule alishahama. Na hiyo cherehani itakaa hapa kati ya kitanda changu na ukuta, inangoja, kama begi.

Hutazoea kwanza kisha ndiyo uichukue. Ni kinyume. Mama yako aliiweka dirishani siku ya kwanza, kabla hajazoea chochote, hata mimi.

Kwa hiyo siwezi kukuwekea. Leo asubuhi nimeifungua kamba zako. Nimeifuta vumbi, nimetia mafuta, nimezungusha gurudumu mpaka likaenda bila kelele. Nimechukua koti langu bovu nikashona mfuko uliokuwa umechanika, ili nijue inafanya kazi. Nimeshona vibaya, lakini kosa si lake. Halafu nimeifunga upya kwa magunia na kamba ya katani, ngumu, ya safari.

Kesho nikimaliza kukamua nitapanda gari la maziwa, nitashuka nayo Nyeri pale yanapoondokea magari. Nitafika mapema. Nikikukuta na mizigo yako, tutaipakia pamoja nayo, na utapiga simu Majengo uachie kibanda mtu mwingine anayekihitaji. Ukifika kwa Mwende usiketi kunywa chai kabla hujauliza dirisha ni lipi linapata mwanga.

Na nikikukuta umesimama mikono mitupu, sitauliza kitu. Nitaibeba begani kama Wachira, tutashuka hadi Majengo, utafungua kibanda asubuhi hiyo hiyo, saa ile ile anayopita Kariuki, na nitakusaidia kuiweka mbele kabisa, mahali pa mwanga, kila apitaye aione. Kisha nitarudi kazini.

Hutahitaji kunieleza. Nitaona mizigo, nitajua. Lolote kati ya hayo mawili, mimi nitakuwa radhi nalo mbele ya Mungu na mbele ya mama yako. Lakini cherehani haitalala kwangu tena.

Lile begi la kahawia ninalo bado. Nilikuja nalo hapa Mweiga siku nilipoajiriwa zizini. Jumapili ulipoondoka nililitoa vitu vyote. Shati lile zuri limeliwa na mende. Blanketi nimempa Kimani, na begi lenyewe nimelitia majani makavu, ndama mdogo analilalia. Nimekaa shamba hili miaka mingi na ndiyo kwanza nimefika.

Mama, nimekujibu. Saa tisa imeshapita na ng'ombe wameanza kuita, yule mweupe ndiye anayepiga kelele kuliko wote, na Kimani anapiga ndoo kwa fimbo ili nisikie. Nasikia. Safari hii wao ndio watakaongoja.

Ni mimi baba yako, ambaye kesho nitakuwa.